Kipimo cha Salamu

Tapeli wa kumliza Lukmani alikuwa bado hajazaliwa, na bibi wa huyo tapeli ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Hayo aliyasema Lukmani mwenyewe, kwa sauti, kila siku ya gulio, akiwa amekaa kwenye kibanda chake cha simu pembeni ya soko la Kasulu, mguu mmoja juu ya kreti la soda. Haki ya kuringa kidogo alikuwa nayo. Kidato cha nne alimaliza, akapata matokeo ya kukalia kibanda, lakini kwenye mambo ya simu hakuwa na mpinzani. Alichaji, alifungua zilizozama kwenye ndoo, alisajili laini, na zaidi ya yote alisoma meseji za watu.

Hizo meseji ndizo zilizomchosha. Tangu saa moja asubuhi watu wanamsukumia simu usoni.

"Lukmani, eti nimeshinda pikipiki."

"Hujashinda."

"Lukmani, kuna mganga anataka nimtumie ya kufungulia nyota."

"Usitume."

"Lukmani, mwanangu kakamatwa Dodoma, anaomba hela ya dhamana."

"Mama, mwanao si yule pale anauza vitumbua?"

Mama anageuka, anamwona mwanae, anashusha pumzi, kisha anauliza tena: "Kwa hiyo nisitume?"

Ilifika mahali Lukmani akawa anajibu bila kuinua kichwa. Na uchovu huo ndio uliomtungia njia ya mkato. Matapeli wote aliowahi kuwasikia walikuwa wanaongea Kiswahili cha redioni, kile cha kuteleza. Akatoa agizo: usiyemjua akikupigia, mwamkie kwa Kiha. "Mwambie mwakeye, halafu nyamaza. Mtu wa kwetu ataitikia, atauliza watoto, atauliza mifugo, atauliza na mvua. Tapeli muda huo hana. Atakata mwenyewe."

Na kweli walikata. Kijiji kizima cha Heru Juu kikashika kipimo hicho, hadi Kagerankanda wakakisikia. Bibi mmoja alimwamkia tapeli kwa utaratibu wote, kuanzia wazazi wake hadi kuku, mpaka yule mtu akaomba radhi ndipo akakata.

Masharti mengine yalikuwepo pia, kayaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi na kukitundika kibandani. Ukiambiwa hela imeingia kwako kimakosa, tazama meseji imetoka kwa nani, kisha tazama salio. Namba ya siri usimpe mtu, hata mumeo. Ukishaumizwa, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kulia kutafuata. Kila aliyesimama mbele ya lile boksi alisifu mwandiko.

Sasa kulikuwa na Odilia, wa Heru Juu. Lukmani alimwita shangazi, ingawa damu hawakuchangia. Mama yake Lukmani alipofariki, Odilia ndiye aliyempikia na kumpeleka shule. Odilia alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Walilima maharage ya njano shamba moja, wakayauza kwa pamoja kwa Abdulrahmani, mwenye duka la nafaka Kibondo, na hela yake, laki nane, ikaingia kwenye simu ya Odilia. Ilikuwa ya kulipia mashine ya kusaga mihogo. Mwenye mashine aliahidi kuwasubiri hadi Jumamosi. Wanawake hao walikuwa wamebeba mihogo kichwani miaka yote, wanapanda kilima na kushuka, na walikuwa wamechoka. Hawakuwa wanazungumza habari ya maendeleo. Walikuwa wanazungumza habari ya shingo.

Laini ya Odilia ilisajiliwa kwa jina la Lukmani. Siku ya kusajili, ile mashine ya alama za vidole ilikataa vidole vyake vyote kumi. Mpini wa jembe ulikuwa umeshavifuta. "Hata serikali haijui kama nipo," alisema Odilia, akacheka, Lukmani akaweka kidole chake. Na kwa kuwa tarakimu ndogo zilikuwa zinamchezea Odilia machoni, namba ya siri aliibonyeza Lukmani. Lile boksi lilikuwa linaning'inia juu ya vichwa vyao wakati anaibonyeza.

Jumatano ya gulio Odilia aliacha simu ichajiwe, akaenda kutafuta chumvi. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara tatu. Kwenye benchi alikuwepo Bi Niyubahwe, ajuza mmoja wa huko huko Heru Juu, akisubiri kasimu kake ka tochi kajae, kichwa kimelalia kifuani. Lukmani alikuwa ameshajibu watu kama arobaini, na sauti ilikuwa inamkauka. Saa nne, simu ya Odilia ikaita.

"Haloo."

"Mwakeye," ikasema sauti, polepole, kama ya mjomba aliyefika na mbuzi.

Lukmani aliketi vizuri. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwamkia. Wote walianza na shida zao. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akakutanisha viganja, akapiga makofi taratibu kama alivyofundishwa na Odilia utotoni. "Mwakeye, mwakeye!"

Yule mtu hakuwa na haraka. Aliuliza watoto, na Lukmani, ambaye hana hata mke, akajibu hawajambo. Aliuliza mifugo. Aliuliza mihogo kama haijaoza kwa mvua. Kila swali makofi. Mwisho kabisa, kwa aibu kama ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu, akasema yeye ni karani wa Abdulrahmani, Kibondo. Amekosea, ile laki nane ya maharage ameituma mara ya pili, na tajiri akijua atamfukuza leo hii. Meseji si hiyo imeingia?

Meseji ilikuwa imeingia. Umepokea 800,000. Lukmani aliona zile sifuri. Juu yake, mahali pa jina la mtumaji, palikuwa na namba ya simu ya kawaida tu, kama ya jirani yako. Hapo hakutazama. Salio hakutazama. Mtu aliyeuliza habari za mihogo utamtazamia salio? Alibonyeza, akabonyeza, akaweka namba ya siri ya shangazi yake, akarudisha.

"Mungu akuzidishie," ikasema sauti, na hapo, kwa mara ya kwanza, ikawa na haraka.

Dakika tano baadaye Lukmani aliangalia salio. Shilingi mia sita na kidogo.

Sasa angepiga huduma kwa wateja. Boksi lilikuwa pale pale, mwandiko mzuri. Alishika simu, akawaza wataniuliza jina, wataniuliza ilikuwaje, akamwona muuza vitumbua anacheka na mwenzake, akahisi anachekwa yeye. Akaiweka simu chini. Bi Niyubahwe alikuwa bado kainamisha kichwa. Odilia alipokuja na chumvi yake alimwambia, "Shangazi, leo mtandao unasumbua, usiguse kitu mpaka nikwambie."

"Sawa, baba. Mbona umekauka hivyo? Umekula?"

Afadhali angemtukana.

Alhamisi alifunga kibanda, akapanda basi hadi Kibondo. Alikuwa na tumaini la kijinga kwamba huenda karani yupo na kosa lipo. Alimkuta Abdulrahmani, mzee aliyekuja na baba yake kutoka Tanga zamani, anashona gunia mwenyewe kwa sindano.

"Karani?" alisema. "Mwanangu, hapa karani mimi, mpagazi mimi, wa kufagia mimi. Na huyo wako aliongea Kiha? Mimi huku nina miaka thelathini, Kiha changu ni cha kununulia maharage tu."

"Alijua kila kitu, mzee. Jina lako, kiasi, maharage."

Abdulrahmani aliweka sindano chini, akavaa miwani, akatafuta kwenye simu yake. Akamgeuzia kioo. Lilikuwa kundi la wauza mazao, watu mia nne wasiojuana, na tangazo lilikuwa la Lukmani mwenyewe, la wiki iliyopita, limejaa vialama vya moto: *Kina mama wa Heru Juu, maharage ya njano. Juzi tu kachukua Abdulrahmani wa Kibondo, laki nane taslimu! Piga namba hii.* Namba ya Odilia. Chini, mtu asiye na picha alikuwa ameandika, kwa Kiha, hongereni sana.

"Umeripoti?"

"Bado."

"Tangu jana?" Mzee alivua miwani. Hakupandisha sauti, alionekana tu kama mtu aliyeongezewa gunia. "Jana ile ile watu wa mtandao wangeweza kuizuia hela. Leo ameshaitoa, ameshaila. Haya, kunywa chai kwanza."

Lukmani aliinywa. Haikuwa na ladha yoyote.

Ijumaa jioni kikundi kilikaa kwenye veranda ya Odilia, kumi na wawili wote, wengine na matope ya shamba miguuni. Asnath, mwenyekiti, aliomba salio lisomwe, kesho ni kesho. Lukmani alilisoma. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake wale walikuwa wamechoka kiasi kwamba hata mshtuko ulikuja polepole.

"Zimeenda wapi?" akauliza Asnath.

Basi njia nzima toka Kibondo Lukmani alikuwa ameitafuna hii sentensi, na ilipotoka ilitoka laini. "Ni matapeli. Inaelekea walimpigia shangazi, na... huenda akaitaja namba ya siri bila kujua. Watu wazima mnasahau. Nilishawaonya."

Wote wakamtazama Odilia. Odilia alitazama mapajani kwake, akawa anajaribu kukumbuka. Hilo ndilo Lukmani hakulitegemea. Alidhani atakataa. Hakukataa.

"Labda niliitaja," alisema. "Siku hizi nachoka, nasahau hata moto jikoni. Kama ni mimi, kile kipande changu cha mihogo cha bondeni mkichukue. Na daftari apewe mwingine." Akalivuta daftari la kikundi kutoka chini ya kiti, akalifuta vumbi kwa kitenge, akamnyooshea Asnath.

Asnath hakulipokea, wala hakulikataa.

"Subirini," ikasema sauti kutoka mwisho wa benchi.

Alikuwa Bi Niyubahwe. Si mwanakikundi, alikuja kuazima ungo, akakaa. Alijikongoja hadi mbele ya Lukmani, akainama kidogo, akakutanisha viganja. Makofi taratibu. "Mwakeye."

Viganja vya Lukmani vilikuwa vimeshapanda. Vilipanda vyenyewe, vikakutana mara mbili, shingo ikalala upande wa bega kana kwamba pale kati pamebanwa simu, na mdomo ukaitikia kabla yeye hajaamua. "Mwakeye, mwa..."

Akavificha viganja mgongoni.

"Ndivyo alivyofanya Jumatano," Bi Niyubahwe akawaambia wenzake, bila hasira, kama mtu anayesoma mita ya maji. "Saa nne, kapokea simu ya Odilia, anampigia makofi mtu asiyemwona. Akasema watoto hawajambo. Nikajiuliza, huyu kazaa lini? Odilia alikuwa sokoni, ananunua chumvi. Mimi macho yamechoka, nayafumba. Masikio siyafumbi."

Odilia aliinua uso. Daftari lilikuwa bado mkononi, nusu limenyooshwa. Akalirudisha mapajani, akaliwekea viganja vyote viwili juu.

"Kaa chini, baba," akamwambia Lukmani. "Anza upya. Anzia hapo saa nne."