Kikwapa cha Kanzu ya Babu

Tatu alipoipindua kanzu ya babu yake aone upande wa ndani, nusura apige mayowe. Ovaloki! Mishono yote iliyoshonwa kwa mkono imefumuliwa, pamepitishwa cherehani, na kingo zimezungushiwa nyuzi za mashine ya ovaloki kama sare za shule.

"Idrisa! Umeifanya nini hii?"

Idrisa, mdogo wake, bwana harusi wa kesho, akaja anachekelea. "Nimeipeleka kwa fundi wa mjini, dada. Nilitaka nikushtukize."

Haya, kamshtukiza! Jamani, wako watu wakikutendea wema unatamani bora wangekutukana.

Tatu mwenyewe ni fundi cherehani hapo kijijini Mtawanya, na msimu mzima wa korosho alikuwa akiichunguza kanzu hiyo ajue ilivyoshonwa. Marehemu babu yao aliishona kwa mkono, na ufundi wake ulikuwa kwapani, kwenye kile kipande kidogo kiitwacho kikwapa: unyanyue mikono utakavyo, kanzu haipandi wala haivuti. Alikufa hajamfundisha mtu, na kanzu iliyobaki ni hiyo moja. Shingo alikuwa ameshaielewa, mabega pia. Kikwapa alikuwa bado.

"Nilikuruhusu uivae. Nani kakutuma uitengeneze?"

"Mishono ilikuwa imechakaa, dada. Ningeona aibu mbele ya wakwe."

"Aibu? Mkono wa babu ndio aibu? Ama kweli asiyejua maana haambiwi maana!"

"Si uzi tu? Tena nimeshamwahidi baba mkwe kwamba utamshonea kama hii."

Loo! Hasira zikampanda Tatu mpaka machozi yakamtoka. Amshonee kwa kuangalia nini? Akachukua wembe, akaukata ule uzi wa cherehani pale kwapani, akakielekeza kitambaa dirishani.

Bahati nzuri, kanzu ilikuwa haijafuliwa tangu ifumuliwe; maji yangeviziba vitundu. Vitundu vya sindano ya babu vilikuwa bado vipo, vidogo, vimejipanga. Hapa vimesongamana, pale vimeachana, na kwenye pembe amerudia mara mbili. Tatu akavifuata kwa kidole. Kumbe mzee alianzia kwenye hiyo pembe, akashona kuelekea mkono wa kanzu! Lakini upande mmoja hautoshi kumhakikishia mtu.

"Dada, unaichana! Kesho nitavaa nini?"

"Utajua mwenyewe," alisema Tatu bila kuinua macho, akaanza kufumua kwapa la pili.