Injini Mpya ya Gari la Kulala

Fundi aliikubali kazi ile kwa kiburi, kiburi tu. Mtalaka wake alikuwa amezunguka kwa mafundi watatu, wote wakatikisa vichwa, ndipo akaja kusimama mlangoni mwa gereji yake na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachomeleaji wa jirani, "Nasikia na wewe huiwezi." Jamani, kwa mwanamume aliyemaliza miaka ishirini uvunguni mwa magari, hilo ni tusi. Akashika spana.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kulala, lenye kitanda, kabati na jiko la gesi nyuma. Injini yake ya zamani ilibugia lita nzima kwa kilomita tano. Mwanamke yule alikuwa mpima macho, amepata kazi ya kuzungukia miji ya mbali, na msimamo wake ulikuwa mmoja: injini nyingine ikifikisha kilomita kumi kwa lita, anaondoka. Isipofikisha, anabaki. Na akiondoka, anaondoka na binti yao wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa udogo wa umbo walimwita Nukta.

Wiki mbili fundi alifanya kazi amenuna. Alishusha injini ndogo ya dizeli kwa mnyororo, akaiundia vishikizo vipya vya chuma, akarefusha bomba la moshi, akasafisha tangi mpaka likang'aa. Mwanamke alipita kila jioni kukagua.

"Boliti hiyo imelegea."

"Haijalegea. Macho yako hayo. Kajipime."

"Ningekuacha mapema zaidi, wallahi."

"Mlango ulikuwa wazi muda wote!"

Nukta alikaa kwenye ngazi ya gari na daftari la shule, vidole masikioni.

Tabu ni kwamba injini ilikubali. Ilivuma vizuri mpaka fundi mwenyewe akaichukia. Siku moja kabla ya kupima mafuta alijilaza chini ya gari, akaishika kebo ya handbreki, akaikaza mpaka breki za nyuma zikawa zinagusa kidogo. Kidogo tu. Dereva asijue, lakini mafuta yajue. Akajiambia anafanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Mwongo mkubwa! Alikuwa anaogopa kubaki peke yake, basi.

Asubuhi wakajaza tangi mpaka mdomoni kwenye kituo cha mafuta, wakaingia wote watatu, mwanamke kwenye usukani. Kilomita thelathini kwenda, thelathini kurudi. Wakiwa njiani kurudi, Nukta akasema kutoka nyuma, "Kuna kitu kinaungua."

"Ni rangi tu ya injini," fundi akadakia.

Mwanamke akaegesha pembeni. Miaka kumi na mitatu ya kuishi na fundi ilikuwa imemfundisha harufu ya breki. Akashuka, akasogeza kiganja kwenye rimu ya nyuma, akakirudisha upesi. Kisha akajitosa uvunguni na gauni lake, akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umekaza handbreki."

"Labda imejikaza yenyewe..."

"Nati ina alama mpya za spana! Mshenzi mkubwa we! Mtoto yumo humu ndani. Breki zingeshika moto je?"

Hilo la moto fundi hakuwa amelifikiria hata mara moja. Palepale kando ya barabara, kwa mara ya kwanza, akaona aibu mbele ya mwanamke yule.

"Legeza," mwanamke akasema. "Tunaanza upya."

Akalegeza. Wakangoja magurudumu yapoe, wakarudi kituoni, wakajaza tena, wakaenda, wakarudi, wakajaza kupima yaliyoliwa. Pampu ilipokata, kioo chake kilisoma lita tano. Kilomita kumi na mbili kwa lita! Maisha yake yote fundi hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, na hakuwa na wa kumtambia.

"Kazi nzuri," mwanamke akasema kwa chuki. "Tunaondoka Jumamosi." Akaenda kulipa mafuta.

Fundi akasogea kwenye dirisha la nyuma. "Nukta, mwanangu..."

"Mama aliniuliza nataka kukaa na nani," mtoto akasema. "Sikumjibu. Nilikuwa nasubiri na wewe uniulize. Wiki mbili nzima nimekaa hapo gerejini, Baba. Ungeniambia tu nibaki."

"Baki," fundi akasema harakaharaka. "Baki, mama. Nakuomba."

Nukta akapandisha kioo, akahamia kiti cha mbele, kando ya usukani wa mama yake, akafunga mkanda.