Kamati Ilivyomuua Mama Billy

Kamati ilimuua Mama Billy siku ya Jumanne, baada ya sala ya kufungua na kabla ya chai. Mwenyekiti alipendekeza, katibu akaunga mkono, na kwa kuwa hapakuwa na pingamizi, marehemu mwenyewe akaombwa apitishe mandazi.

Marehemu aliyapitisha. Jina lake Filister, mjane wa Jeconia, muuza mgongo wazi kando ya reli pale kijiji cha Raila, Kibera. Mgongo wazi ni samaki ambaye mnofu wake umekwenda kwa wenye uwezo, na Filister alikuwa akiikaanga ile mifupa iliyobaki mpaka wateja wanasahau kwamba nyama haipo. Mwanawe wa pekee, Billy, wa kidato cha pili, alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Alikaa kwenye benchi la nyuma la Kituo cha Watoto cha Pambazuko, mkono mdomoni, akijizuia kucheka mbele ya maiti.

Mauaji hayo yalianzia kwenye neno moja. Miaka minne nyuma, Jeconia alipofariki, Filister alikuja kituoni akasema mtoto wake sasa ni kich. Kwa Wajaluo, mtoto aliyefiwa na baba ni kich, hata kama mama yake amesimama hapo hapo anamfuta makamasi. Katibu wa kituo, Maggie, msichana wa Kawangware ambaye Kijaluo chake kilianzia na kuishia kwenye "omera", yaani ndugu, aliuliza maana yake. Akaambiwa ni yatima. Akaliandika kwa Kiingereza, neno likapanda ndege, na lilipotua Uholanzi lilikuwa limeua wazazi wawili.

Huko Uholanzi, mwalimu mmoja mstaafu aitwaye Bi Hendrika alilisoma, akalia, akaanza kumlipia Billy karo. Tena akawavuta wenzake wa kanisani, na hao ndio waliokuwa wakinunua githeri, mahindi na maharagwe ya mchana ya watoto wote wa Pambazuko. Sasa, Agosti hii ya mwaka tisini na sita, Bi Hendrika alikuwa anakuja mwenyewe kumkumbatia yatima wake.

"Akimkuta mama yuko, atasema tulimcheza," alisema mwenyekiti, Mzee Gathogo. "Atafunga mkono. Halafu atawaambia wengine. Hawa watu huwa wanaambiana."

Mzee Gathogo alikuwa na ploti Kawangware na nyumba za kupangisha hadi Riruta. Mabati ya kituo alikuwa ameyatoa yeye, na hakuwahi kula hata shilingi ya githeri. Hakuwa mwizi, na ndiyo maana hofu yake iliambukiza. Mwizi angekuwa na mpango.

"Na tukimwambia tu ukweli?" Maggie aliuliza.

"Tumwambie nini? Kwamba tulijua miaka yote hii na tukanyamaza? Maggie, zile barua za shukrani ulikuwa unaandika nini?"

Maggie akatazama chai yake. Barua za shukrani zilikuwa nzuri sana. Moja ilimfanya hata Billy amwonee huruma yule Billy aliyekuwa ndani yake.

"Ni siku moja tu?" Filister aliuliza.

"Siku moja tu, Mama Billy. Utakuwa jirani."

"Jirani mwema ama jirani tu?"

Kamati ikacheka, na kicheko hicho kikahesabiwa kuwa kura. Billy naye, ambaye bwenini alikuwa anajulikana kwa kumwigiza naibu wa mwalimu mkuu vizuri kiasi cha kuwapeleka kidato cha kwanza gwaride saa nane za usiku, aliona taifa linamwita. Akasimama. Akatoa risala ya rambirambi kwa Kiingereza safi: mama mpendwa, ugonjwa wa ghafla, mkono uliopoa mkononi mwake. Chozi likatoka kwa wakati wake. Kamati ikapiga makofi, na marehemu akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani kwa njia ya reli, Filister alisimama.

"Billy."

"Naam, mathe."

"Usiseme tena kwa mdomo wako kwamba nimekufa. Wakikuuliza, inamisha kichwa tu. Wataelewa."

"Si ni mchezo?"

"Inamisha kichwa tu."

Hapo ndipo Billy alipoogopa. Nyanya yake wa kwao mashambani, Ugenya, alikuwa na sheria nyingi, na nyingi Billy alikuwa amezivunja bila kupatwa na kitu. Moja hakuwahi kuijaribu: ukimtaja mtu aliye hai kati ya wafu, unampeleka kwao na kumtambulisha. Wakishamjua, watamwita. Billy alijiambia kwamba mwalimu wake wa baiolojia angecheka. Ila mwalimu wa baiolojia hakuwa akiishi Raila, na mama wa mwalimu huyo alikuwa hajatambulishwa popote.

Alhamisi Filister aliamka na kikohozi. Amekohoa maisha yake yote; nani anakaanga samaki kwa moshi ule na asikohoe? Lakini sasa Billy alikuwa anakisikiliza. Alikipima kila kinapokuja, kama ni kirefu kuliko cha jana, kama kinatoka chini zaidi. Alimchotea maji bila kutumwa. Alimwoshea sufuria. Filister akamtazama kwa shaka.

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Basi mbona unaniangalia kama mgonjwa?"

Billy alitafuta mzaha wa kumjibu. Hakuupata.

Jumamosi Bi Hendrika alifika. Alikuwa mrefu, amevaa makubadhi na ana macho ambayo yalikuwa yameshaanza kulia tangu mlangoni. Alimkumbatia Billy mpaka mifupa ikalia. Watoto waliimba. Mzee Gathogo alihutubia. Filister, aliyetambulishwa kuwa jirani mwema aliyemlea yatima, alipakua githeri huku akitazama chini, na kila alipokohoa Billy alipoteza neno alilokuwa analisema.

Hata hivyo mambo yalikwenda. Alipoulizwa kuhusu wazazi, Billy aliinamisha kichwa, na Bi Hendrika akaelewa, kama mama alivyosema. Maggie alianza kupumua. Mzee Gathogo aliomba githeri ya pili.

Ndipo mgeni akafungua mfuko wake, akatoa shada la maua meupe aliyoyanunua City Market asubuhi hiyo.

"Sasa," alisema kwa Kiingereza, polepole, akimshika Billy bega, "nipeleke kwa mama yako."

Kijiko cha Mzee Gathogo kilisimama hewani.

"Kaburini," Bi Hendrika akafafanua kwa upole, kwa kuwa kila mtu alikuwa amekodoa macho.

Kamati ilikuwa imejadili viti, nyimbo, na nani atashika mwavuli. Kaburi halikuwa kwenye ajenda.

"Lang'ata!" Mzee Gathogo alisema kwa nguvu, kama mtu anayejibu swali darasani. "Amezikwa Lang'ata. Ni hapo tu."

Filister, ambaye Kiingereza hakukijua lakini Lang'ata aliijua, alimvuta koti. "Lang'ata? Mimi? Mjaluo gani anazikwa Lang'ata na boma lake liko Ugenya?"

"Ugenya ni mbali, Mama Billy, na teksi inangoja nje."

"Anasema nini?" Bi Hendrika aliuliza.

"Anasema si mbali," Maggie akatafsiri.

"Basi naye aje. Amemlea mtoto huyu. Mwambie naye aje."

Wakaenda wote watano. Filister alikaa katikati ya Billy na Bi Hendrika, ambaye njia nzima alimshika mkono na kumwambia kwa Kiingereza kwamba Mungu anamwona. Mkono mwingine wa Filister ulishika suruali ya Billy, pale gotini, na haukuachia.

Makaburini Mzee Gathogo alitangulia kwa hatua za mwenyeji. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho. Billy alijua anachotafuta: kaburi lisilo na jina. Walipita misalaba yenye majina ya watu, picha za watu, tarehe za watu. Jua lilikuwa kali na mahali penyewe pamejaa ndege, lakini Billy alihisi kama anapelekwa bafuni na prifekti kuchapwa. Hapana. Huko aliwahi kupelekwa. Huku kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu aliyekuwa anapelekwa si yeye.

"Hapa," Mzee Gathogo akasema.

Lilikuwa tuta la udongo mwekundu, bichi, halijaota hata jani. Msalaba ulikuwa umelala, una namba tu. Kaburi la miaka minne lingekuwa na nyasi, lakini jingine lisilo na jina hawakuliona. Tuta lenyewe lilikuwa la urefu wa mtu mzima. Urefu wa Filister, Billy aliwaza, na akajuta kuwaza.

Bi Hendrika alimpa maua. "Weka, kijana wangu. Mwambie umekuja."

Billy alishika maua. Hakuinama. Alijaribu kuwaza jinsi atakavyowasimulia wenzake bwenini, jinsi watakavyoanguka vitandani kwa kicheko. Hakuna aliyecheka kichwani mwake. Alisikia nyuma yake kikohozi, kifupi, kikavu.

"Weka, kijana," Mzee Gathogo alinong'ona kwa Kiswahili. "Jumatatu watoto watakula nini?"

"Mathe..." Billy alisema chini ya pumzi.

"Weka, Billy," Filister alisema. "Si ni maua tu."

Lakini sauti yake ilikuwa imepanda, nyembamba, sauti ambayo Billy aliisikia mara moja tu, siku walipoletewa habari za Jeconia. Aligeuka akamtazama. Filister alikuwa anaogopa kuliko yeye. Na kwa hofu yake yote, alisogea mbele, akamnyang'anya maua.

"Ukishindwa, wacha niyaweke mwenyewe. Lazima usome."

Akapiga magoti. Magoti yake yakazama kwenye ule udongo mbichi, kidogo, kama unampokea.

"Mama!" Billy alipiga kelele. "Toka hapo! Mama, inuka!"

Ndege waliruka. Bi Hendrika aligeuka taratibu. Neno hilo hata kwao lipo, na linatamkwa vivyo hivyo. Alimtazama Billy, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti.

"Mama?" alisema.

Katika maisha yake marefu Mzee Gathogo hakuwahi kuwa mwepesi kama dakika ile. "Bibi, huku kwetu kila mwanamke mkubwa ni mama!" alisema, akicheka peke yake. "Hata Maggie hapa anaitwa mama na watoto wa kituo. Ni heshima tu. Ni mila."

Na lilikuwa kweli. Ndilo lililokuwa baya. Maggie akatikisa kichwa kukubali. Uso wa Bi Hendrika ulilegea, na akatabasamu kidogo kwa kuipenda mila hiyo.

Kwa hiyo yote yalikuwa yamepona. Muhula wa tatu ulikuwa umepona, na kitanda cha Billy cha juu bwenini, karibu na dirisha, na ile sufuria kubwa ya Pambazuko na foleni yake ya watoto. Billy alitakiwa kufanya jambo moja tu ambalo walimu walikuwa wamemwomba tangu darasa la kwanza: anyamaze. Filister, akiwa bado amepiga magoti, alikuwa anamwambia hilo hilo kwa macho. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kuyashusha maua.

"Si mila," Billy alisema kwa Kiingereza, sauti ikimpasuka. "Huyu ndiye aliyenizaa. Hapa chini hatujui amelala nani."

Mzee Gathogo alivua kofia, kama mtu ambaye mazishi ya kweli yameanza.

Maggie ndiye aliyeeleza. Alieleza neno kich huku analia, akarudi nyuma, akaanza upya, na Bi Hendrika akasikiliza bila kusogeza hata mkono.

"Na baba yake?"

"Baba alikufa kweli. Yuko Ugenya."

"Na leo? Leo pia lilikuwa neno?"

Mzee Gathogo akaigeuza kofia mikononi. Bi Hendrika akawa mwekundu, kisha mweupe. "Sijui kama nitaweza kuendelea," alimwambia Mzee Gathogo. "Sijui nitawaambia nini wenzangu." Kisha akamgeukia Filister, na sauti yake ikashuka. "Miaka minne, kila Jumapili, nimekuwashia mshumaa."

"Anasema nini?" Filister aliuliza.

Billy akamtafsiria: kwamba kila Jumapili, huko kanisani kwao, wanamwashia mshumaa wa marehemu.

Filister alisimama mara moja. Maua yalianguka kando ya njia, si juu ya tuta. Alimshika yule Mzungu kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili yenye harufu ya samaki.

"Mwambie auzime."

"Mathe, kwanza tuzungumze habari ya shu..."

"Billy! Mwambie auzime. Apige simu leo, mtu aende auzime."

Billy akatafsiri, bila kuongeza chumvi, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze Kiingereza. Bi Hendrika alianza kueleza kwamba mishumaa hujizimia yenyewe, kwamba ni desturi tu, ni upendo tu. Kisha akaitazama mikono iliyomshika, jinsi ilivyomkaza, na akaacha kueleza.

"Sawa," alisema. "Nitapiga simu."

"Haitoshi. Aseme jina langu, aseme niko hai. Hapa hapa, hawa waliolala wasikie."

Bi Hendrika akafungua mdomo, halafu akamtazama Billy kwa aibu. "Anaitwa nani?"

Katika barua zote zile, hakuna aliyewahi kumwandikia jina hilo.

"Filister," Billy alisema.

"Felista yuko hai," Bi Hendrika akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama Billy alivyomwonyesha.

"Siyo hivyo. Huyo ni mtu mwingine. Tena."

"Filista..."

"Tena," alisema Filister, bila kumwachia mkono. Mzee Gathogo na Maggie walibaki wamesimama juani kando ya lile tuta, kofia na mkoba mikononi, na hakuna aliyethubutu kuuliza habari ya karo wala ya githeri kabla jina halijatoka sawasawa.