Mdomo wa Yotham

Kuna ukaidi, halafu kuna ukaidi wa mzee Yotham wa Magamba. Annonciata alishapambana na mume mlevi na ngiri waliomlia mahindi, lakini hakuna aliyemchosha roho kama mzee huyu, marehemu wa mji mzima, ambaye kila jioni alikuwa anamega ugali wake kwa raha.

Jambo lenyewe ni hili. Katikati ya mji wa Mpanda palikuwa na mnara wa maji, wa duara, wa mawe matupu, uliojengwa zamani za mgodi wa madini ya risasi kuwakumbuka wanaume saba waliozama shimoni maji yalipoingia ghafla. Mzungu aliyeuchora sijui alikuwa na akili gani. Watu wamekufa kwa maji, yeye akawajengea maji! Akauzungushia midomo saba ya shaba, kila mdomo na marehemu wake, jina limechongwa juu yake, na maji ya mlimani yakawa yanatoka chini ya jina mchana na usiku. Watu wakajiwekea desturi yao: kila ukoo unakinga ndoo kwenye mdomo wa mtu wake.

Baba yake Annonciata alikuwa mmoja wa wale saba, ila jina lake halikuwepo. Aliitwa Libérat. Alitoka Burundi kutafuta kazi, mgodini wakamtaka kipande cha mwenyeji, yaani cheti cha kazi, rafiki yake Yotham akamwazima cha kwake. Basi Libérat akafanya kazi kama Yotham, akafa kama Yotham, akachongwa Yotham. Kila mwaka padri alimwombea Yotham pumziko la milele kwenye misa ya marehemu, na Yotham mwenyewe yuko Magamba anapalilia karanga.

Mwaka 1996 ofisi ya mji ikaleta fundi mawe aukarabati mnara na kuzichonga upya herufi zilizolika. Annonciata akaona ni sasa au basi tena. Akamfuata bwana Polycarpe, aliyesimamia kazi ile.

"Jina la mtu halifutwi hivihivi, mama," Polycarpe akamwambia. "Mwenye jina aje mwenyewe aseme si yeye."

"Si unajua yuko hai?"

"Mimi ninachojua, mnara unasema amekufa."

Annonciata akatoka pale masikio yanawaka. Akashika njia ya Magamba.

Mzee Yotham alimsikiliza mpaka mwisho, akiendelea kubangua karanga.

"Sitaki," akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Mwanangu, kifo kilikuja kumtafuta Yotham, kikampata, kikaenda zake. Wenzangu wote wamekwisha, mimi nipo. Ukilifuta lile jina kitajua kilidanganywa."

"Baba yangu alikufa kifo chako, na bado unamnyima jina lake?"

Mzee akapuliza maganda.

Annonciata akarudi na sukari. Akarudi na chumvi na sabuni. Siku moja akamtukana mzee wa watu mbele ya binti yake, Dorotea, kisha ikabidi arudi kuomba radhi. "Dada, mwache mzee," Dorotea akamsihi. Amwache vipi, na fundi kule mjini keshamaliza midomo mitano?

Mara ya mwisho alikwenda mikono mitupu. Akakaa chini, hasira zimemwisha, uchovu ndio umebaki.

"Mama alikuwa akikinga maji ananong'ona Libérat, Libérat, huku anaangalia nyuma watu wasimsikie," akasema. "Amekufa hajawahi kumwita mumewe kwa sauti pale. Nimechoka, baba."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Mama yako Rosine alikuwa ananong'ona?" akauliza. Halafu akasema, "Njoo Jumatatu unichukue."

Jumatatu Annonciata akaazima baiskeli yenye kiti kizuri cha nyuma. Kabla hajaiona nyumba alisikia kilio. Mzee Yotham alikuwa amelala Jumapili na hakuamka. Annonciata akalia na wenzake, akamlilia na kumkasirikia humohumo, akajionea aibu. Dorotea hakumtazama usoni.

Baada ya maziko akaenda kwa Polycarpe, akamkuta amefurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa shida iko wapi, mama? Yotham amekufa. Jina liko sahihi."

"Libérat je?"

"Fundi keshamaliza, ameshaondoka."

Kesho yake asubuhi Annonciata akachukua ndoo yake akaenda mnarani. Mdomoni pa baba yake akakuta watu: Dorotea na ndugu zake, wamefunga vitambaa vya msiba, wametoka Magamba na ndoo zao. Herufi za YOTHAM zilikuwa zimechongwa upya, nene, za kina, na Dorotea alikuwa anazipapasa moja moja huku machozi yanamtoka.

"Hatuna jiwe la kumwekea kule kaburini," akasema. "Hili ndilo jiwe lake." Akaiona ndoo ya Annonciata, akajifuta uso, akasogea kidogo kwa huruma ya kweli. "Na wewe karibu, dada. Kinga tu. Baba asingekukatalia."

Annonciata akasema asante, akapanga ndoo yake nyuma ya ndoo zao.