Mashine Haisalimii

Faridah alimpita babu yake kama mtu anavyoupita ukuta. Mzee alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili, vumbi la barabara ya Kabambare bado limejaa kwenye kofia na ndevu, tabasamu limemfika masikioni. Mtoto akaja moja kwa moja mpaka karibu kuigusa kanzu yake, akageuka kuume, akaendelea. Mikono ya mzee ikabaki hewani. Wanafunzi wangu, ambao hata kengele haiwanyamazishi, wakanyamaza wote. Mimi nilikuwa nimesimama na chaki mkononi.

Niseme kwanza ile ilikuwa kazi gani, maana hadi leo hapa Kasongo kuna watu wanaosema Madame Estelle alikuwa akifundisha watoto uchawi. Uchawi gani? Nafundisha hesabu, basi. Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka kwenye mafunzo Kindu, ambako walituonyesha namna ya kuingiza mwanzo wa programu za kompyuta ndani ya somo la hesabu, hata katika shule isiyo na kompyuta. Sisi tulikuwa nayo moja, ofisini kwa mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na macho yangu hayakuwahi kuiona ikiwaka. Kwa hiyo nilichora miraba uwanjani kwa majivu. Mwanafunzi mmoja anakuwa mashine. Wenzake wanaandika amri kwenye ubao tulioutoa nje: mbele, mbele, geuka kushoto, rudia. Mashine inafanya kilichoandikwa na si kingine. Ikipotea njia, kosa ni la walioandika, nao wanarudi ubaoni kutafuta walipokosea, wakibishana juu ya pembe na mizunguko kuliko walivyowahi kubishana juu ya mpira. Walilipenda somo lile kufa.

Shida ilikuwa adabu. Usicheke. Uwanja wetu ni njia ya watu wote: padri anapita kwenda misa, mama wa mikate anapita na beseni lake, mlinzi anapita na ndoo. Na mtoto wa kwetu hampiti mkubwa hivi hivi. Anasimama, anapiga goti, anatoa mkono huku wa pili umeshika kiwiko, kisha anangoja ajibiwe. Basi mashine zangu zikawa zinakatika katikati ya programu ili zimuulize mama wa mikate ameamkaje. Tunaanza upya, anatokea padri. Siku moja hasira zikanipanda, nikaandika juu kabisa ya ubao kwa herufi kubwa: MASHINE HAISALIMII. Watoto walinitazama kana kwamba nimetukana. Baadaye wakazoea, wengine wakaanza hata kuona raha.

Faridah ndiye alikuwa mashine bora kuliko wote. Mtoto mwembamba, wa maneno machache, kutoka kijiji kimoja upande wa Salamabila. Wazazi wake walifariki angali mchanga, na Mzee Abdoul, baba wa mama yake, alimlea mwenyewe. Alimbeba mgongoni mpaka shambani, watu wakamcheka, asijali. Alipokubali mtoto aje kusoma Kasongo na kukaa kwa shangazi yake Feza, aliweka sharti mbele ya ukoo mzima: siku atakapoona shule imemharibu, atamrudisha nyumbani, na habari ya masomo itakuwa imekwisha. Faridah mwenyewe ndiye aliyenieleza. Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu, na alilisema neno hilo kwa sauti ndogo, kama anayeomba dawa.

Sasa mzee alikuwa amekuja kumtembelea bila kutuma habari. Alishuka kwenye pikipiki, akamwona mjukuu wake anakuja upande wake, akaenda kumpokea. Alijuaje kwamba pale aliposimama ndipo amri ilisema geuka kuume?

Aliishusha mikono polepole. Hakukasirika, laiti angekasirika, ningejua la kufanya. Alinijia, akanisalimu kwanza kama inavyopaswa, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

«Madame, mutoto wangu iko mugonjwa?»

Nikamweleza mbio mbio kwamba ni mchezo tu, kwamba ni mashine, kwamba kuna kanuni, na maneno yalizidi kutoka, yote ya kijinga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni nani aliyeweka hiyo kanuni. Nikasema ni mimi.

Hapo nikadhani nimepata akili. Nikafuta ile kanuni, nikaandika: KAMA KUNA MKUBWA MBELE, SALIMIA, KISHA ENDELEA. Somo la «kama» lilikuwa la juma lililofuata, na kichwa changu cha mwalimu kikafurahi kwamba limepata mfano mzuri, Mungu anisamehe. Nikamrudisha Faridah kwenye mraba wa kwanza. Akatembea, akafika mbele ya mzee, akapiga goti, akatoa mkono. Watoto wakapiga makofi.

Mzee hakuupokea ule mkono.

«Hii ni salamu ya ubao,» alisema. «Yangu iko wapi?»

Makofi yakakatika. Faridah akabaki vile vile, goti chini, mkono mbele, kwa sababu mtoto wa kwetu hainuki kabla ya kujibiwa, na ubaoni hakuna aliyeandika afanye nini mkubwa akikataa kujibu. Jua la saa sita lilikuwa linachoma. Nikamwambia mchezo umekwisha, ainuke. Hakuinuka. Nikamshika bega, nikainama nimtazame usoni. Alikuwa analia bila sauti. Niliogopa kweli kweli. Sharti la mzee nililijua, na yote aliyotakiwa kuyaona ili alitimize nilikuwa nimempangia mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya darasa zima.

Mzee aliyaona machozi. Akaanza kuinama, na kwa magoti yake yale mabovu ilimchukua muda. Akakaa chini kabisa kwenye majivu, na kanzu yake nyeupe, akaushika ule mkono, akaijibu salamu yote, ndefu, ya nyumbani, akimuulizia afya, na shangazi, na usingizi. Kisha akasema jambo kwa Kibangubangu, lugha nisiyoijua. Lilikuwa swali, hilo nililisikia. Faridah akafuta macho, akatikisa kichwa: hapana.

Mzee akamtazama. Nilikuwa nangoja amwambie akachukue mkoba wake. Badala yake aliinuka akimshikilia, akamwachia kifurushi cha karanga, akaniomba nimwangalie vizuri mtoto wake. Halafu akapanda pikipiki na kurudi alikotoka, bila hata kupita kwa Feza kunywa maji. Safari yote ile, na alikaa kwetu muda mfupi kuliko kipindi cha hesabu.

Sikuthubutu kumuuliza Faridah siku ile, wala mwaka ule. Nilimuuliza alipokuwa amekwisha kupata diploma yake, jioni moja jikoni kwangu, tukichambua sombe, majani ya muhogo. Babu alisema nini pale chini?

«Aliniuliza kama nilimuona ile mara ya kwanza,» alisema. «Nikamujibu hapana.»

Majani yakanibaki mkononi. Siku ile nilikuwa nimesimama ubaoni, uso wa Faridah ukinielekea. Nilimwona akimtazama mzee machoni kabla ya kugeuka kuume.

«Naye akaamini?»

«Alijua, Madame. Ndiyo maana aliondoka mbio, nisipate nafasi ya kumuambia kweli.»