Asikosekane Mtu

Mama Vifungo, fundi cherehani wa nyumba ya kona, alikuwa amehesabu mwenyewe: kutoka kizingiti cha mlango wake hadi kliniki ya mazoezi ng'ambo ya barabara ni hatua mia mbili na kumi. Si hatua zake yeye, hatua za mumewe. Tangu apooze upande mmoja, mzee alitembea na kigari cha chuma cha kuegemea, taratibu, kama anayepima kitambaa. Zikizidi mia mbili na ishirini mguu wa kushoto unagoma, anakaa chini hapo hapo alipo.

Sasa barabara ilikuwa inapangwa upya. Yangekuja mabasi ya umeme, njia ya baiskeli, miti ya kivuli, na katikati uzio wa chuma mwanzo hadi mwisho. Katika mkutano wa mtaa, mtaalamu wa mipango miji waliyembandika jina la Bwana Ramani alisema uzio utaachwa wazi penye watu wengi tu.

"Ijumaa, saa moja hadi saa tatu asubuhi, tunahesabu wanaovuka hapa kwenu. Wakifika mia tatu, mnapata kivuko. Wasipofika, mtazunguka kuvukia kwenye taa za sokoni."

Taa za sokoni! Jioni ile ile Mama Vifungo alikwenda huko akihesabu. Alipofika elfu moja na mia nne, na taa bado hazijaonekana, akaacha. Machozi yalikuwa yamempotezea hesabu.

Alhamisi alifunika cherehani, akapita mlango kwa mlango, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kesho saa moja mpaka saa tatu tunahesabiwa. Asikosekane mtu!"

"Hatukosi, shoga!"

Ijumaa binti wa kuhesabu alikaa kwenye kiti cha plastiki, kidole gumba juu ya kidude cha kubonyeza. Mtu akivuka, tik. Siku zote saa hizo watu humiminika pale kama siafu. Lakini hadi saa moja na nusu walikuwa wamevuka kumi na tisa.

"Mama, leo kwenu ni sikukuu?" binti akauliza.

Mama Vifungo akashtuka. Akakimbilia kwa wifi yake, dada wa mumewe, nyumba ya tatu. Akamkuta sebuleni kavaa nguo ya kutokea, vitambulisho vimepangwa mezani, mume na watoto wanne wameketi mstari mmoja, nywele zimechanwa.

"Wifi! Mnafanya nini humu ndani?"

"Tunangoja kuhesabiwa. Si umesema asikosekane mtu? Hata huyu nimemzuia asiende kazini. Wako wapi hao watu? Chai inapoa."

"Ni barabarani, wifi! Mkivuka!"

"Makubwa! Tuhesabiwe barabarani kama mbuzi? Wakati wa sensa si walikuja mlangoni na makaratasi?"

Mama Vifungo akashika kichwa. Neno lilikuwa lake mwenyewe, kalitembeza mtaa mzima kwa kinywa chake. Wifi alipoelewa alivusha jamaa yake yote, kisha wakagawana mtaa, huyu juu, huyu chini, wakigonga. Lakini fundi viatu akagoma kufungua geti. "Jana ulisema hivi, leo vile. Nikitoka wakaja, niandikwe sipo?" Wengine wakasema wanatafuta viatu.

Saa mbili na dakika arobaini: sitini na nane.

"Mwanangu, mimi nikivuka na kurudi?"

"Kila ukivuka nabonyeza, mama. Hatuandiki majina."

Basi akavuka. Tik. Akarudi. Tik. Pikipiki zilimpigia honi. "Bibi, umeangusha nini?" Akageuka, akavuka tena. Gauni lilimganda mgongoni. Alipomaliza mara ya ishirini na tatu akakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Saa tatu, mama," binti akasema kwa upole. "Tisini na moja. Nimeshatuma."

Hapo ndipo milango ikafunguka: saa za kungoja zimekwisha, na hakuna aliyekuja kuwahesabu. Mtaa mzima ukatoka kwa mkupuo, na nguo zao za kutokea, vitambulisho mkononi, wamechelewa kazini, wakavuka kundi kwa kundi. Kidole cha binti kilibonyeza chenyewe mara mbili, kikaacha.

"Bonyeza, mwanangu. Si unawaona?"

"Nawaona, mama. Kule nilikotuma kumeshafungwa."

Katikati ya umati kilikuja kigari cha chuma. Watu walikipisha. Mzee alikuwa amevaa shati alilopigiwa pasi jana, na alikuwa amevuka peke yake.

"Nimevuka," alisema akihema. "Wamenihesabu?"

Mama Vifungo alimtazama binti. Binti alikuwa anakunja kiti.

"Wamekuhesabu, baba."

"Kumbe! Basi tumepata kivuko?"

Mama Vifungo akazunguka nyuma yake, mzee asimwone uso, akamshika kiwiko.

"Angalia mguu wa kushoto," akasema.