Mawifi na Ghala la Vipande

Ofisi ile ilitengeneza programu za hospitali, na asubuhi zake zilikuwa ndefu. Programu yao kubwa ilikuwa na maelfu ya vipande. Mtu akigusa mstari mmoja tu, kompyuta kuu iliijenga yote upya, tangu msingi hadi paa, na kazi hiyo ilimeza nusu ya siku. Kwa kusubiri, wafanyakazi wawili walishakuwa mabingwa wa drafti, na mwingine alikuwa anafuma sweta la tatu.

Msimamizi wa kompyuta hiyo walimwita Bi Subira, maana kila aliyelalamika alijibiwa neno hilo hilo. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameoa mtengenezaji wa programu, na mke huyo akaja kuajiriwa palepale. Mawifi wakawa meza kwa meza, wakitaniana tangu kuingia hadi kutoka.

"Wifi," yule mgeni alimwambia juma lake la kwanza, "mtu akiongeza chembe ya chumvi, mbona mnamwaga chungu kizima mkapika upya?"

"Kwa sababu simlishi mtu kiporo."

Alikuwa na sababu. Zamani waliwahi kuhifadhi vipande vilivyokwisha kujengwa ili visijengwe tena. Siku moja kompyuta ikachukua kipande cha kale badala ya kipya, na programu ikazimika mbele ya mteja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wifi yake hakukata tamaa. Kila kipande, alieleza, kipewe alama kama ya kidole, inayokokotolewa kutokana na kila kilichoingia ndani yake. Ikibadilika hata nukta, alama nayo inabadilika, na kipande kinajengwa upya. Kisipobadilika, kinachukuliwa kilivyo kutoka kwenye ghala la vipande vilivyokwisha kujengwa. Na vinavyohitaji kujengwa vigawanywe kwa kompyuta zote zinazokaa bure, hata ile ya mapokezi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alimalizia.

Bi Subira alijaribu kununa, akashindwa. "Haya. Ila tutajenga kwa njia zote mbili, tulinganishe. Zikitofautiana, ghala lako nalifunga."

Jaribio la kwanza liliwaaibisha. Walijenga mara mbili bila kubadilisha chochote, na mara ya pili ghala halikutoa hata kipande kimoja. Kila kitu kilijengwa upya. Wacheza drafti wakarudi kwenye kete zao. Wifi alibaki akitazama alama, zote mpya, machozi yakimlengalenga.

Bi Subira akavuta kiti. "Sogea kidogo."

Wakafungua vipande viwili vilivyopaswa kufanana, wakavisoma bega kwa bega mpaka chakula chao kikapoa.

"Hapa," Bi Subira aligonga kioo. Ndani ya kipande ambacho vingine vyote vilikitegemea, programu ilikuwa inajiandikia saa ya kujengwa kwake. Saa haisimami, basi na alama hazikusimama.

"Kumbe saa ndiyo inatupiga chenga," wifi alisema.

Waliuliza ofisi nzima saa hiyo ni ya kazi gani. Hakuna aliyejua. Wakaitoa.

Kuanzia hapo njia zote mbili zikafanana kama mapacha, siku baada ya siku. Kisha hospitali moja ikapiga simu: lebo za chupa za damu zilikuwa zinatoka herufi zimekatika, na wauguzi wanaandika kwa mkono. Wifi aliona kosa upesi. Lilikuwa mstari mmoja, akaurekebisha. Mkurugenzi wao akasimama mlangoni.

"Jioni wataipata programu mpya?"

Bi Subira alimtazama wifi yake, akabonyeza kitufe cha kujenga. Vipande vikamiminika kutoka ghalani. Vichache vilivyobadilika vikatawanyika kwenye kompyuta za ofisi, na mpokea wageni akashangaa yake ikivuma peke yake. Majaribio yote yakapita. Mkurugenzi alikuwa bado yupo mlangoni.

"Ipelekeni," Bi Subira alisema.

Muuguzi aliyepokea simu alidhani wanataka maelezo zaidi. Alipoambiwa ajaribu, wakasikia mashine ya lebo ikikwaruza, kisha kicheko kirefu, na ofisi nzima ikacheka naye.

Siku hiyo mawifi walitoka mapema, jua bado likiwaka. Wakaongozana hadi nyumbani kwa mdogo mtu, wakamkuta jikoni, redio juu, akicheza na mwiko mkononi, macho kayafumba. Walimwacha mpaka wimbo ukaisha, ndipo dada yake akapiga makofi.

"Mmefukuzwa kazi?" aliuliza, aibu imemjaa.

"Tumemaliza," mkewe alisema, akimpokonya mwiko.

Bi Subira akavua viatu, akaongeza sauti ya redio.